Nafsi ya Pili

Faida mwanangu,

Nakuomba radhi kwa kimya changu. Sisemi kimya cha barua, kwa kuwa watu wa nyumba moja hawaandikiani. Nasema kimya cha mtu aliyekula nawe sombe katika sahani moja tangu matanga ya mdogo wako, akakuambia "lete chumvi" na "funga mlango", na zaidi ya hayo hakukuambia neno. Nimefundisha watu kusema kwa zaidi ya miaka thelathini, na kesho asubuhi unapanda boti kwenda Kalemie kabla sijapata namna ya kusema nawe. Simu ipo, najua, lakini katika simu ninaharakisha, na nikiharakisha huwa natoa amri. Kwa hiyo naandika.

Ni alasiri. Nimekaa mezani, nikainuka, nikatazama barabara, nikakaa tena. Tangu adhuhuri watu wanapita na magodoro kichwani wakitoka upande wa Fizi, na kila anayepita ana habari tofauti na ya aliyemtangulia. Mama yako yuko uani anafunga mzigo wako. Juu ya maji ya kuchemsha, chandarua, na mahali pa kuficha vyeti vyako vya uuguzi, amekwisha kukuambia mara tatu, na mimi sina la kuongeza. Sasa hivi ameniita dirishani:

"Baba Faida, kamba iko wapi?"

Kamba iko. Hapo amepatia. Kamba ni kitu, na kitu "kiko" au "iko". Mtu yuko. Hayo umeyasikia kwangu tangu hujaota meno ya pili, nawe unajua kwamba hapa Baraka, sokoni na pwani na hata mimbarani, watu wanasema "iko" kwa kila kiumbe: mutoto iko, samaki iko, mukubwa iko. Nimepigana na neno hilo maisha yangu yote. Lakini yapo mambo mawili niliyoyafanya kwa ajili yake ambayo sijawahi kukueleza kwa ukamilifu. Moja hukulielewa kwa sababu ulikuwa mdogo. La pili lilikupata wewe mwenyewe.

La kwanza. Ulikuwa na miaka minane. Mwaka ule watu wengi waliteremka kutoka Kilembwe wakikimbia vita, na kati yao alikuwa Mama Nyota, ambaye leo unamjua kama mama wa kusaidia kila mtu. Wakati ule alikuwa mgeni mwenye ndara mbili zisizofanana. Siku ya Jumatano, katika ibada ya maombi, mimi ndimi mzee wa kanisa niliyeongoza. Nikauliza kama yuko mwenye ushuhuda. Akasimama.

"Mi naitwa Mama Nyota, natoka Kilembwe. Bwana yangu alikufa mu njia. Nilimuzika na batoto, tukatembea. Lakini minasema, Mungu iko. Hata vile, Mungu iko."

Nikagonga meza kwa kalamu. Nilikuwa na tabia hiyo.

"Mama, Mungu si kamba wala si nyumba. Mungu yuko. Rudia."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama darasa linavyocheka mwalimu anapofanya mzaha, na mimi nilifurahi walipocheka. Yeye hakurudia. Alisema "Pardon, Mwalimu," akaketi, akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Njiani mama yako aliniambia, "Ulimukatia neno mu mudomo."

"Nilimsahihisha."

"Mungu alikuwa amesikia tayari. Ao alikuwa anangoja we umutafsirie?"

Nilimjibu kwamba heshima ya Mungu huanza katika usemi. Niliamini hivyo, nawe usifikiri kwamba sasa nimeanza kupenda usemi mbovu. Ila Mama Nyota hakusimama tena kutoa ushuhuda katika kanisa letu. Alikuja, akaimba, akafagia, akaondoka. Niliona. Nikajiambia kwamba anajifunza.

Mwaka uliofuata vita vikatufikia sisi pia, tukavuka ziwa kwenda Ubwari. Safari hiyo unaikumbuka, lakini unaikumbuka kama mtoto: mtumbwi, maji, wewe kupakatwa na mama yako. Mimi nakumbuka nilichobeba. Katika dakika zile chache za kuondoka, baba yako alibeba Biblia na kitabu cha sarufi, akaacha sufuria. Tulipofika mchangani, mama yako alifungua mfuko wangu, akatazama ndani, akasema:

"Vizuri. Leo tutapika bugali mu kitabu."

Siku ya tatu mdogo wako Alimasi akaanza kuhara na kuchemka. Alikuwa na miaka minne. Hapakuwa na dawa, na boti hazikuvuka kwa sababu ya risasi. Nilifungua Biblia nisome zaburi kwa sauti, kama nilivyowasomea wafiwa wengi. Sauti haikutoka. Nilizijua zaburi zile kwa moyo, lakini nilifunga kitabu. Nilimwangalia mtoto akilegea, nikagundua kwamba sala zangu zote nilizitunga ili zisikiwe na watu. Sasa watu hawakuwapo, nami sikujua pa kuanzia.

Mama Nyota alikuwa hatua ishirini kutoka kwetu, na wanawe. Nikamwendea.

"Mama, njoo utuombee."

Alikuwa anachambua visamaki vya ndagala. Hakuinua uso. "Mwalimu, mi sijue Kiswahili ya kuomba."

Faida, nimetukanwa mara nyingi katika maisha haya. Nimetukanwa na askari na wakubwa wa shule. Hakuna tusi lililonifikia kama sentensi ile, na yeye hakuisema kama tusi. Aliisema kama mtu anayesema hana chumvi. Aliamini. Nilikuwa nimemfundisha, na somo lilikuwa limeingia.

Nikasema, "Omba unavyojua."

Hapo ndipo aliponitazama. "Leo hata 'iko' inatosha?"

"Inatosha, Mama."

Akacheka kidogo, akanawa mikono, akaja. Alimshika Alimasi mguu, si kichwa, akasema: "Mungu, unaona huyu. Ni wetu, ni wako. Amina." Kisha akachukua mkeka wake, akaukata katikati kwa kisu, nusu akatuachia, akaenda kutafuta kuni. Nilisubiri sala iendelee. Ilikuwa imekwisha.

Asubuhi Alimasi aliomba samaki. Sisemi ni kwa sababu ya sala ile, wala sisemi si kwa sababu yake. Nasema tu jinsi ilivyokuwa.

Ungetazamia kwamba mtu aliyeona hayo amejifunza. Mimi pia nilitazamia. Tuliporudi Baraka nilisimulia kisa hicho kanisani mara nyingi, nikakisimulia vizuri, na nadhani kukisimulia vizuri ndiko kulikonizuia kujifunza. Nilimtaja Mama Nyota kama mfano wa imani huku ameketi mstari wa nyuma, lakini sikumwendea kumwomba msamaha.

Nimeinuka tena. Jirani amepita kusema kwamba barabara ya Fizi imefungwa. Dakika chache baadaye mwanawe amepita kusema imefunguliwa. Mama yako amepata kamba. Naendelea kabla mkono haujachoka.

La pili unalijua, ila unalijua kutoka upande wako. Alimasi yule aliyeomba samaki alikua, akanunua pikipiki, akawa anabeba watu kati ya Baraka na Fizi, na siku moja pikipiki ikarudi ikisukumwa na wenzake, yeye hayupo juu yake. Wako walioniambia waliofyatua risasi ni watu wa mlimani; wengine wakasema ni vijana wetu wenyewe. Sikuona, kwa hiyo sitasema, nawe nakusihi usiseme usichokiona. Wanawake wa mlimani nao wanawalilia wana wao kwa lugha yao, nimewasikia.

Siku ya tatu ya matanga, mchungaji aliomba mmoja wa familia aseme sala. Nilikuwa nimejitayarisha. Lakini ukasimama wewe, kabla yangu, ukasema:

"Mungu, kama uko, sema kitu. Ulimuponyesha ku Ubwari juu ya nini? Ili uje umuchukue mu njia?"

Nami nikasimama. Mbele ya watu wote, mbele ya mama yako aliyekaa chini bila kitambaa kichwani, nikasema: "Faida, haisemwi hivyo. Mungu hawekewi 'kama'. Kaa chini."

"Ndiyo, Baba," ukasema, ukaketi.

Tangu siku ile hukusali tena nyumbani kwa sauti. Unainamisha kichwa tunapoinamisha, unasema "amina" kama mtu anayeweka sahihi. Na mimi nikanyamaza nawe. Nilijiambia kwamba ninakusubiri utubu. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umesema kwa sauti nilichokuwa nakisema moyoni tangu pikipiki iliposukumwa ndani ya ua. Ubwari, halafu barabarani. Kwa nini? Mimi ni mzee wa kanisa. Nimezika watoto wa wengine nikawapa wazazi maneno. Ulipouliza, niliogopa kwamba watu watageuka kunitazama mimi wapate jibu. Kwa hiyo nilikuzima wewe.

Sasa nikueleze kilichotokea juma hili, kwa sababu ndicho kilichonikalisha kwenye meza hii.

Unajua kwamba kila Jumanne alasiri nawafundisha akina mama wakimbizi kusoma, kanisani. Wako kumi na mmoja, na Mama Nyota ni mmoja wao. Anatembea kutoka mwisho wa mji, upande wa Lusenda, na bado hufika wa kwanza. Jumanne niliandika ubaoni: niko, uko, yuko. Nikasema, "Hii ni nafsi ya kwanza, hii nafsi ya pili, hii nafsi ya tatu."

"Muntu iko na nafsi ngapi, Mwalimu?" akauliza Mama Nyota. "Mi nilijua moja, na hiyo moja inachoka."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Nikaeleza kwamba katika sarufi nafsi ni mahali mtu anaposimama katika maneno. Wa kwanza ndiye anayesema. Wa pili ndiye anayeambiwa. Wa tatu ndiye anayesemwa, awepo au asiwepo.

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Lakini muti pia uko."

"Hiyo ni ngeli nyingine. Tutafika huko."

Mama Nyota hakuwa ameondoa macho ubaoni. "Mwalimu, huyu wa 'uko'. Kama muntu haiko hapa, minaweza kumuambia 'uko'?"

"Hapana, Mama. Utasema 'yuko' au 'hayuko'. 'Uko' unamwambia anayekusikia."

"Hata kama minamulilia?"

"Hata hapo. Ukimwambia 'uko', umemweka mbele yako."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima mchele. "Basi siku ile ku matanga, Faida alikuwa anasema na nani?"

Nilikuwa na chaki mkononi. Wale wanawake wote walikuwapo kwenye matanga. Wote walinisikia nikikukalisha chini. Hakuna aliyecheka. Mama Nyota akainamia daftari lake, akaanza kunakili: niko, uko, yuko, ulimi ukiwa nje kidogo, kama alivyozoea.

Kama uko. Hukusema "kama yuko". Mtu anayemkana Mungu husema "kama yuko", anaongea na watu juu ya Mungu. Wewe ulimgeukia ukamwambia. Mwalimu wa sarufi, baba yako mwenyewe, alisikia "kama" hata asisikie "u". Nilikushtaki kwa kutosali wakati ulikuwa mtu pekee katika ua ule aliyekuwa anasali. Mimi, katika siku zote zile, nilisema sentensi zisizo na kosa: Mungu ni mwema, Mungu anajua, Mungu yuko. Zote nafsi ya tatu. Niliongea juu yake kama watu wanavyoongea juu ya jamaa aliyehamia mbali.

Nilipowaaga akina mama nilibaki kanisani, nikafunga mlango, nikajaribu. Sitakuambia yote niliyosema, mengine hayaandikiki. Nilianza na "uko", kisha nikakwama, kisha nikasema jina la Alimasi, na baada ya hapo hapakuwa na sarufi. Nilimlaumu Mungu. Nilimkumbusha Ubwari. Nilimwuliza kwa nini baada ya hapo alitupa miaka kumi na minne tu. Sikujibiwa, Faida. Nisikudanganye. Hakuna sauti iliyokuja, na kisa cha mdogo wako hakijageuka kuwa na maana. Lakini nilipochoka niligundua kwamba nilikuwa nimemkasirikia mtu, na kwamba nilikuwa nasubiri aseme. Kwa majuma mengi sikuwa nasubiri chochote. Nilitoka nje nikasikia njaa. Mama yako aliponiona nikila kipande cha pili cha bugali alisogeza samaki upande wangu.

Hilo ndilo tumaini nililo nalo, na ni dogo. Siwezi kukufungia kubwa zaidi katika mzigo. Sikuambii kwamba mambo yatakuwa mazuri. Wewe ni muuguzi, umeona mengi kuliko mimi. Nakuambia tu kwamba ukifika Kalemie ukashindwa kusema "Mungu ni mwema", usiseme. Mwambie yeye unavyomwona. Na akitokea mzee wa kanisa wa kukusahihisha, mwambie baba yako alikuwa mkali kuliko yeye na bado alikosea.

Nilikukosea mbele ya watu, na ilinipasa kukuomba msamaha mbele yao. Watu wale nusu wamekwisha kukimbia. Jumatano ijayo nitasimama mbele ya hao waliobaki nikiri, nimwombe msamaha na Mama Nyota pia. Kwako naomba hapa: nisamehe, mwanangu. Nimeliandika neno hili nikalitazama. Sijawahi kuliandika nikimaanisha mimi.

Limebaki swali lako la juzi. Ulisema, "Baba, mukuje Kalemie. Mama iko tayari." Nikakujibu kwamba kanisa haliwezi kuachwa. Ndipo ukaniuliza, bila kupandisha sauti: "Unabaki juu ya Mungu, ao juu ya kiburi?"

Sijui. Tangu juzi nazunguka uani na swali hilo, ni kwa ajili ya Mungu au ya kiburi, kama kuku aliyepoteza yai. Mchungaji amevuka. Funguo za kanisa ninazo mimi, na usiku wanalala humo akina mama saba na watoto wao. Nikiondoka, nani atafungua? Hiyo ni sababu nzuri. Lakini Mama Nyota anaweza kufungua mlango, na kila nikifika kwenye wazo hilo moyo wangu unakataa, na namna unavyokataa inanitia shaka. Huenda sitaki kuwa mzee asiye na ubao, anayeishi katika chumba cha binti yake, katika mji ambao hakuna anayemwita Mwalimu. Hicho ni kiburi. Halafu nasikia mizinga kule juu, nafikiri juu ya magoti ya mama yako na mtumbwi wa usiku, nasema twende kesho hiyo hiyo. Hiyo huenda ni hofu tu. Sijui kutenganisha haya matatu.

Mama yako nilimwuliza leo mchana. Alisema, "Mi niko na miguu. Lakini sitaenda na muntu nusu. Ukikuja, ukuje muntu muzima." Kisha akarudi kwenye ndagala zako, ambazo amezitia chumvi nyingi mno.

Nitakwenda kwa Mama Nyota, nimwulize kama atapokea funguo, nisikilize atakachosema bila kugonga meza. Nitazungumza na wazee watatu waliobaki. Nami nitasali juu ya jambo hili, kwa nafsi ya pili, na kama sitasikia kitu itanibidi niamue kama watu wengine wanavyoamua, kwa akili na kwa woga kidogo. Usitusubiri bandarini. Usikodi chumba kikubwa kwa ajili yetu, wala usichukue kidogo sana.

Nikishaamua nitakuandikia, na barua nitaipa boti ya kwanza itakayokubali kuibeba. Katika mstari wa kwanza utakuta ndiyo au hapana. Maelezo yatafuata chini yake, maana maisha yangu yote nimewapa watu sababu kabla ya jibu, na wewe nimekusubirisha vya kutosha.

Baba yako